Kilo Tisini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda, mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, maana nikianza nazo leo nitalia, na karatasi yako ndiyo hii moja. Dereva wa mitungi ya oksijeni ameegesha lori mbele ya kibanda changu, anapakia mitungi mitupu ya hospitali yetu ndogo aje kuijaza huko kwenu. Amenipa dakika ishirini. Tumekubaliana naye: Jumatatu na Alhamisi anachukua barua zangu, Jumanne na Ijumaa ananiletea zako. Malipo yake ni vifungo viwili vya shati, nimeshavishona.

Simu sitaki tena, na usinune. Ukipiga unaongea kidaktari, mimi nalia, tunakata, halafu Mama ananiuliza "amesemaje?" nami sikumbuki hata neno. Barua naweza kuisoma mara nne huku nakunywa chai.

Sasa niambie ukweli. Shemeji yako ana siku tisa kwenye hiyo mashine ya kupumulia. Anakula? Mtu mwenye bomba mdomoni anakulaje? Wewe ndiye mtaalamu wa lishe wa wodi nzima, unalisha watoto wa watu, basi usije ukamlaza njaa mume wa dada yako. Unajua jinsi anavyopenda kula. Ni mtu wa greda yule, si karani.

Kuja siwezi kwa sasa. Nina sare sitini za shule, na nyonga ya Mama imeanza tena. Pacha hawajambo, wanaulizia baba yao kila wakirudi shule. Nimeweka karatasi nyingine ndani, hiyo ni yake. Msomee sikioni. Sauti yako inafanana na yangu, atadhani ni mimi.

Haya, salamu.

Dada yako

---

Ijumaa, 8 Machi

Dada yangu mpenzi, kisirani wangu,

Nimekupigia mara sita. Najua simu umeitupa kwenye droo ya nyuzi. Haya, tuandikiane.

Anakula. Kuna mpira mwembamba unapita puani hadi tumboni, na chakula chake ni maji mazito ya rangi ya maziwa, yanadondoka usiku na mchana. Kiasi gani kidondoke, hiyo ndiyo kazi yangu. Siku zote tunakisia: unachukua kilo za mgonjwa, unazidisha, unapata kalori. Fomu yake inasema kilo tisini na mbili, kwa hiyo nampa kalori elfu mbili mia tatu kwa siku. Njaa hana, ondoa shaka.

Lakini kukisia ni kukisia. Tuna mashine moja ya kupima, ilikuwa kwa fundi, imerudi Jumatano. Ni kijisanduku juu ya meza ya magurudumu. Unakiunganisha na bomba la pumzi, kinahesabu hewa safi anayoitumia na hewa chafu anayoitoa. Mwili ni kama jiko, Dada. Ukijua hewa inayoingia na moshi unaotoka, unajua moto ni mkubwa kiasi gani na unahitaji kuni ngapi. Sharti lake ni nusu saa ya utulivu. Asigeuzwe, asioshwe, asiguswe.

Mimi, mtaalamu, nikaona nusu saa ya kukaa bure ndiyo nafasi nzuri ya kumsomea barua yako. Wee! Nilipofika pale unaposema jirani amerudisha ngazi yenu ikiwa imevunjika vipandio viwili, namba zikaanza kupanda. Elfu moja mia tano arobaini, mia sita, mia saba na ishirini! Macho amefumba, kidole hakitikisiki, lakini jiko linawaka. Muuguzi Mkuu akanifukuza mbele ya watu: "Peleka ugomvi wa ngazi nje, unaniharibia kipimo!" Nikatoka nalia na kucheka. Dada, anakusikia.

Jana tukarudia kimya kimya. Elfu moja mia tano na arobaini. Namba hiyo ni ndogo mno kwa mtu wa kilo tisini na mbili. Fundi akahisi hewa inavuja shingoni, pembeni ya bomba, maana ikivuja mashine inasoma pungufu. Tumesikiliza, tumepima, haivuji. Tukarudia tena leo asubuhi. Ileile.

Na kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Jumanne walimpunguzia mashine ili apumue mwenyewe. Alidumu dakika kumi na moja, akachoka, jasho likamtoka. Sukari waliyomgundulia siku ya kwanza nayo haishuki. Daktari Miwani anasema wakifika Jumatano ya tarehe 20 bila kumtoa, watamtoboa koo ili bomba likae hapo kwa muda mrefu. Si mwisho wa dunia, lakini ni safari ndefu, na wengine hawaimalizi.

Kwa hiyo nakuuliza swali la kijinga: mara ya mwisho shemeji alipima uzito lini, na alikuwa kilo ngapi? Hapa hatuna kitanda chenye mizani, na amevimba kwa maji ya dripu, macho hayasaidii.

Nakupenda.
Kitinda

---

Jumatatu, 11 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara sita, si nne, na kila nikifika kwenye jiko naiweka chini. Moto wake unazimika, ndivyo unavyotaka kusema? Sema tu. Usinizungushe na kuni na moshi.

Na hilo swali lako la kilo ni la nini? Unatafuta sababu ya kumpunguzia chakula? Mtu yuko vitani, nyinyi mnampima posho! Mume wangu ni kilo tisini na mbili. Umekula meza moja naye miaka saba ukiwa shule, amekupakia kwenye baiskeli mvua na jua, leo unaniuliza mimi ana kilo ngapi?

Mpe chakula chake. Mpe na cha kuongeza.

Sare zimebaki ishirini na mbili. Mama anakusalimu, mimi bado nimekasirika.

Dada yako

---

Jumanne, 12 Machi

Dada,

Dereva ananipigia honi, naandika nimesimama.

Kasirika, lakini nisikilize. Kumlisha kupita kiasi si wema. Mwili ukizidiwa na chakula hugeuza ziada kuwa mafuta, na kazi hiyo inatoa hewa chafu nyingi. Mtu mwenye afya anaitoa kwa pumzi tu, hata hajui. Yeye mapafu yamechoshwa na nimonia. Kila kijiko cha ziada ninachompa ni mzigo namtwisha kifuani. Na hewa hiyo chafu naiona kwenye mashine, ni nyingi kuliko inavyotakiwa. Huenda ndicho kinachomfanya asidumu hata robo saa.

Daktari haiamini ile namba. Anasema ama mashine inadanganya, ama mwili wa shemeji unaanza kuzima, ama fomu ina kosa. Mpaka tujue ni kipi, amenikubalia nipunguze kidogo tu. Cha kwanza tumekichunguza. Cha pili sitaki kukiwaza. Kimebaki cha tatu.

Sikuulizi ili nimnyime. Nakuuliza kwa sababu zimebaki siku nane. Kama kuna kitu unakijua, niambie, hata kikiwa cha aibu. Na mbona huji? Mama anaweza kukaa kwa Mama Mdogo, hilo unalijua.

Kitinda

---

Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu,

Nimefunga kibanda. Nimemwambia dereva leo asubiri mpaka nimalize, akinuna na anune.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha yasiyo hata ya kwangu. Shemeji yako si kilo tisini na mbili. Hajawa hizo tangu mwaka jana katikati.

Ilianza na kiu. Anarudi kazini anamaliza jagi zima la maji amesimama, ananiambia ni vumbi la barabara. Halafu nikaona suruali inamshuka. Mimi ni fundi cherehani, Kitinda, mtu hawezi kukonda mbele yangu nisione. Nikangoja anaoga, nikaichukua, nikaipunguza kiuno inchi moja na nusu, nikaipiga pasi, nikairudisha kwenye msumari wake. Akaivaa, akaenda kazini. Baada ya miezi miwili nikafanya tena, kisha tena. Suruali nne, mara tatu kila moja. Mkanda nikaupeleka kwa fundi viatu autoboe tundu jipya, na ncha nikaikata ili asione inavyoning'inia. Siku moja akajitazama akasema, "Mke wangu, siku hizi nguo zinanikaa!" Nikaenda jikoni nikashika ukingo wa karo.

Utasema, dada yangu ana wazimu, kwa nini hakumpeleka hospitali? Wewe ulikuwa mdogo Baba alipoumwa. Mimi ndiye niliyekuwa nalala chini ya kitanda chake. Baba alikuwa anatembea, anacheka, anadai chai. Siku ile shangazi alipoingia akapiga ukelele, "Kaka, umebaki mifupa!", Baba akaomba kioo, akajitazama, akalala. Hakuinuka tena. Nikaapa kwamba mume wangu hatajua kama amekonda mpaka nimnenepeshe mwenyewe kwa mikono yangu. Nikazidisha chakula, akawa anakula na anakonda. Nilidhani ni kazi. Sukari haikunijia akilini, haki ya Mungu.

Sasa shika namba zako. Daftari langu la vipimo linasema: kiuno, Juni, inchi arobaini. Januari, inchi thelathini na tatu na nusu. Na mwezi uliopita tulipitia duka la nafaka, akapanda kwenye mizani ya magunia kwa mzaha. Mizani inasomeka kwa mbele, aliyepanda haoni. Nikamsomea themanini na tisa. Ilikuwa sitini na tisa.

Kama amezidiwa na chakula wiki mbili hizi, nimemzidishia mimi. Mwambie Daktari Miwani hivyo. Usinifiche.

Dada yako

---

Ijumaa, 15 Machi

Dada yangu, dada yangu,

Barua yako niliisomea kwenye stoo ya madawa, nimekaa juu ya boksi la glavu. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa daktari. Kilo sitini na tisa! Ukipiga hesabu upya, kile kipimo kinakaa palepale panapotakiwa. Moto wake hauzimiki, Dada. Ni moto wa kawaida wa mtu mgonjwa wa kilo sitini na tisa. Tuliopotea ni sisi.

Nimesema sisi. Sasa na mimi nisikilize, na usikatishe kwa kufoka.

Siku walipomleta, muuguzi aliuliza: "Uzito wake?" Utaratibu ni kumpima mkono kwa utepe, kumpima urefu, ndipo uandike. Ninawafundisha wanafunzi hivyo kila mwezi. Mimi nikasema, "Huyu ni shemeji yangu, namjua, kilo tisini na mbili," nikaiandika kwa mkono wangu. Ndizo kilo alizokuwa nazo siku ya mahafali yangu, alipojisifu kwa kila mtu. Nilimtazama kitandani na sikumwona. Nilimwona yule wa kwenye baiskeli. Angekuwa mgeni ningempima mkono, na ule mkono ungeniambia yote uliyoniandikia.

Kwenye barua yangu ya kwanza nikakuambia "fomu inasema", kana kwamba fomu inajiandika yenyewe. Nikakubana wewe useme ukweli, na wangu nimeukalia siku saba. Huu ndio huo. Nimemwambia daktari pia, mbele ya Muuguzi Mkuu. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Andika namba sahihi, tuendelee na kazi." Ningefurahi zaidi angenigombeza.

Basi wewe ulimdanganya yeye, mimi nikawadanganya wote. Tumegawana sawa, hakuna haja ya kugombania fungu kubwa.

Chakula kimeshuka tangu saa nne asubuhi, kalori elfu moja mia tano. Sukari ikitulia na hewa chafu ikipungua, Jumatatu au Jumanne watamjaribu tena. Siwezi kukuahidi. Nakuomba uje.

Kitinda

---

Jumatatu, 18 Machi

Kitinda,

Nilipofika pale ulipoandika kwa mkono wako, nilikasirika kama dakika mbili. Nikasimama, nikakaa. Kisha nikasikitika kwa ajili yako, upo peke yako huko na shemeji yako kitandani na wakubwa wako wanakutazama. Umekula? Wewe nawe unajisahau. Kula.

Hukukosea kwa kumchukia. Tumepitia njia moja mimi na wewe, nani amtupie mwenzake jiwe.

Kuja, nitakuja. Bado kidogo. Sare zimekwisha, ila kuna mambo. Usinisukume.

Leo nina hofu mpaka sindano imeniingia kidoleni, kitu ambacho hakijanitokea tangu niolewe. Ukiwa na neno lolote, jema au baya, liandike tu.

Dada yako

---

Ijumaa, 22 Machi

Dada!

Wametoa bomba!

Jumanne alipumua mwenyewe nusu saa. Jumatano, ile Jumatano yenyewe ya kutobolewa koo, daktari akaja na vifaa vyake, akatazama namba, akasema tujaribu mara moja ya mwisho. Saa mbili nzima, Dada. Nilisimama mlangoni, nikang'ata kola ya koti langu mpaka ikalowa. Alhamisi asubuhi wakalitoa. Akakohoa kikohozi kibaya, nikadhani ndiyo mwisho, kisha akavuta hewa yake mwenyewe, akavuta tena. Muuguzi Mkuu, yule aliyenifukuza, ndiye aliyenikumbatia wa kwanza.

Sauti hana. Amenitazama, kisha akaashiria kalamu. Mkono haukuweza. Ngoja wiki ijayo, atakuandikia, mimi nitashika karatasi.

Si salama kabisa bado, nisikupe matumaini ya bei rahisi. Lakini anapumua. Anapumua, anapumua! Waambie Pacha, mwambie Mama.

Kitinda

---

Jumanne, 26 Machi

Mama Pacha,

Usicheke mwandiko. Kitinda ameshika karatasi na anajifanya hasomi.

Nimeandika mistari miwili nikapumzika. Huu ni wa tatu.

Jana niliomba kioo. Kitinda akasema hakuna kioo hospitali nzima. Muongo. Muuguzi Mkuu akaleta cha kwake. Nikajitazama. Nimekonda, mke wangu. Shingo ni ya mtu mwingine. Sikufa kwa kujiona. Nikaomba uji, nikala vijiko sita, wanasema mgonjwa siku ya kwanza hula vitatu.

Kitinda amenieleza habari ya suruali. Nami nilikuficha. Macho yalikuwa yanafanya ukungu tangu Desemba, nikaendesha greda hivyohivyo. Nilikuwa naona ukijua utalia. Tusifanye tena.

Kitinda anasema una kazi nyingi ndiyo maana huji. Nimeishi na wewe miaka kumi na tisa. Huna kazi, una hofu. Njoo unione nilivyo. Nimechoka kutazama mlango.

Baba Pacha

---

Alhamisi, 28 Machi

Baba Pacha, mume wangu,

Ni kweli. Sare zilikwisha siku kumi zilizopita, na Mama yuko kwa Mama Mdogo tangu Jumapili. Nilikuwa nafungua kibanda, nakaa, sishoni kitu.

Baba nilimkalia siku kumi na tatu, na kila siku nilikuwa namuaga, maana kila aliyeingia aliniambia muage mzazi wako. Ulipochukuliwa na gari la wagonjwa, nikasema moyoni: nisipokwenda, hatutaagana, na tusipoagana, hataondoka. Akili ya mtu mzima hiyo! Nimekuacha peke yako mwezi mzima kwa ajili ya akili hiyo. Nisamehe. Ukitaka kunisema, niseme nikiwa nimekaa mbele yako, nitanyamaza mpaka umalize.

Naogopa bado, na naja hivyohivyo. Pacha nimewaacha kwa Mama Mdogo, dereva wa mitungi ananipa kiti cha mbele, tunaondoka sasa hivi, barua hii nitakupa mwenyewe. Kitinda akisema unahitaji wiki mbili zaidi, nitakaa kwenye kiti hapo pembeni wiki mbili. Akisema tatu, tatu.

Siji kukuaga. Naja kukuchukua.

Mke wako